Kizuri Chajiuza, Lakini Nani Husema Ni Kizuri?

Mwezi Septemba 1961, hapa Auderghem, kampuni ya Grand Bazar ya Antwerp ilifungua duka lililoitwa SuperBazar. Lilikuwa miongoni mwa supamaketi kubwa za mwanzo kabisa barani Ulaya. Vyakula, nguo na vyombo vya nyumbani vilikuwa chini ya paa moja, na nje kulikuwa na maegesho ya magari. Mkurugenzi wa kampuni hiyo, Maurice Cauwe, alikuwa ameiona biashara ya namna hiyo Marekani. Carrefour ya kwanza ya ukubwa wa aina hiyo huko Ufaransa ilifunguliwa miaka miwili baadaye, 1963.

Kwa hiyo tunaosoma masoko na huduma kwa wateja mjini Brussels huzoea historia yenye njia moja: maarifa yalianzia Marekani, yakapita Ulaya, na Afrika ikaja kutajwa mwishoni kama soko la kupelekewa bidhaa. Makala hii inashikilia kwamba njia hiyo ina pengo. Karne nzima kabla ya SuperBazar, wanunuzi wa Afrika Mashariki walikuwa wakiwaamulia wenye viwanda wa Massachusetts, Bombay na Uholanzi watengeneze nini. Aliyewasikiliza alipata, aliyewapuuza alirudi na mzigo wake.

Tuanze na shanga. Katika karne ya 19, msafara uliotoka pwani kwenda bara ulibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyonunua chakula na kulipia hongo za njiani. Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 ilimbidi awaulize wafanyabiashara wa pale achukue shanga gani. Aliambiwa kwamba shanga nyekundu za samisami zinapendwa Unyamwezi, ambako nyingine hukataliwa. Nyeusi zinapita Ugogo, lakini kwingine hazina thamani. Nyeupe zinakubalika Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Aliyekosea hesabu hiyo aliweza kukaa na njaa huku mizigo imejaa. Shanga zilezile zilikuwa fedha mahali pamoja na takataka mahali pengine. Mfanyabiashara wa Unguja hakuwa na takwimu za soko, ila alikuwa na mazoea ya kuwauliza waliorudi kutoka bara: safari hii wanataka nini? Kisha ndipo alipoagiza.

Somo la pili ni la merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, akaanza kazi Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, kinachodumu. Watu wakakipa jina la nchi kilikotoka, nalo jina hilo bado limo katika kamusi zetu. Waingereza walijaribu kuiga, lakini mnunuzi alikishika kitambaa, akakipima kwa vidole, akajua tofauti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaukata ugavi huo. Wanunuzi hawakukaa kusubiri. Wengine waliingia sokoni, na kufikia miaka ya 1880 viwanda vya Bombay vilikuwa vimeshika sehemu kubwa ya biashara hiyo, vikitengeneza kitambaa cha namna ileile. Jina merikani lilibaki, Wamarekani hawakubaki. Anayedhani mteja ameipenda nembo yake na autazame mfano huu: mteja alipenda kitambaa.

Lakini mfano wenye uzito zaidi ni kanga. Asili yake ni leso za mraba, neno lililotoka kwa Wareno. Wanawake wa pwani walinunua leso hizo zikiwa bado kwenye jora, wakazikata na kuziunga sita pamoja kuwa nguo moja. Yaani wateja ndio waliobuni bidhaa, na wenye maduka wakafuata kwa kuagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Maagizo yalikwenda mbali, hata Uholanzi, katika miji kama Helmond, ambayo si mbali na hapa tulipo. Huko mafundi walichapa mapambo ya nguo ambazo wake zao wasingezivaa, kwa maelekezo yaliyotoka Unguja na Mombasa. Pambo lililokwisha kuchosha macho lilikaa dukani, kwa hiyo maelekezo mapya yalihitajika kila mara.

Kwa nini kanga ilipendwa hivyo? Hapa ndipo biashara inapokutana na maisha ya watu. Merikani na kaniki zilikuwa nguo zilizohusishwa na utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na amri ya kufuta hali ya utumwa ikatolewa 1897. Wanawake waliotoka utumwani walizivua nguo hizo, wakajifunga kanga za rangi. Walikuwa wakinunua heshima: haki ya kuonekana mtaani kama watu huru wenye uchaguzi wao. Muuzaji aliyeona nguo tu hakuelewa anauza nini.

Baadaye kanga ilipata sauti. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, anakumbukwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka maneno juu ya kanga, na alama yake, "Mali ya Abdulla", ilijulikana pwani nzima. Kanga ikawa na pindo, mji na jina. Jirani aliambiwa neno bila mdomo kufunguliwa. Muuzaji alikuwa amempa mteja kitu cha kusemea.

Hata hivyo tusiisifu pwani kupita kiasi. Wafanyabiashara haohao walioulizia kwa makini rangi ya shanga waliuza pembe za ndovu na watu. Walimsikiliza mnunuzi, hawakumsikiliza mpagazi wala mtumwa. Kusikiliza kunakoishia kwenye mfuko wa mteja ni ufundi tu; bado si utu. Nasi leo, tukisoma kauli ya "mteja ni mfalme", tuulize pia nani anabeba mzigo wa mfalme huyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia hii inaongeza swali: nani husema ni kizuri? Si kiwanda wala tangazo. Ni yule mwenye kuvaa. Wengi wetu tutafanya kazi katika maduka, benki na vituo vya simu vya mji huu, na baadhi yetu tumeshaanza. Tukiambiwa kwamba kumjua mteja ni elimu iliyoletwa na toroli za 1961, tujibu kwa adabu kwamba bibi zetu walikuwa wakiwafundisha wenye viwanda wa Uholanzi kazi hiyo zamani, tena kwa Kiswahili.