Chenji ya Mpakani: Fedha Ndogo na Wasafiri wa Midia

Katika vitabu vingi vya historia, msafiri anayevuka mpaka na fedha mkononi huwa ni mfanyabiashara wa pembe, askari, au siku hizi mtalii anayeuliza ampe dereva wa teksi bakshishi kiasi gani. Kwetu Midia, wilayani Koboko, msafiri huyo ni mama anayekwenda sokoni asubuhi na kurudi kabla jua halijazama. Koboko ni kona ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, na mtu anaweza kwenda ng'ambo na kurudi siku hiyo hiyo bila kujiita msafiri. Lakini matatizo yote ya msafiri anayo: nauli ya boda ni kiasi gani na kwa fedha ipi, noti gani itakataliwa, chenji itarudi kwa fedha ya nchi gani, au itarudi kwa pipi.

Makala hii inafuata hiyo chenji. Waandishi wamekwisha kuandika mengi juu ya dhahabu, kahawa na petroli ya West Nile. Fedha ndogo wameziacha, nami nadhani ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi serikali zilivyowatendea watu wa mpakani.

Mpaka wenyewe ulitangulia kubadilika kabla ya fedha. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, ambamo Koboko ilikuwamo. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 Lado ikaingizwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, ndiyo West Nile, ikahamishiwa Uganda, na mji wa Arua ukaanzishwa mwaka huo. Mtu aliyezaliwa Midia mwaka 1890 na asitoke kijijini alikuwa ameishi chini ya serikali tatu kabla ya kufikisha miaka 25. Wakakwa waligawanyika: ndugu mmoja Kongo, mwingine Sudan, wa tatu Uganda.

Uganda iliyoipokea West Nile ilikuwa bado inatumia rupia ya Kihindi. Mwaka 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini. Florini haikumaliza hata miaka miwili, ikaja shilingi. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wenzangu huliruka, kwa kuwa linaonekana kama hesabu ya darasa la nne. Rupia moja ilikuwa na senti 100. Shilingi nayo ilipewa senti 100. Lakini shilingi ilikuwa nusu ya rupia. Kwa hiyo neno "senti" lilibaki vilevile mdomoni mwa watu, na thamani yake ikawa nusu. Karani wa Entebbe aliyelipwa mshahara kwa hundi alielezwa. Mtu aliyekwenda kukata miwa katika mashamba ya Busoga au Buganda ili apate kodi ya kichwa, kisha akarudi kwa meli hadi Pakwach, alikuwa na senti mfukoni na hakuwa na karani.

Sarafu hizo za senti 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, zikatungwa kwenye uzi kama shanga, na pembeni mwa tundu zilichorwa pembe mbili za ndovu. Sarafu za shaba za Leopold nazo zilikuwa na tundu. Mara nyingine huwa nawaza juu ya mchoro ule wa pembe: Lado ilivamiwa na wawindaji wa ndovu Leopold alipokufa, na baada ya miaka kumi na kitu pembe zikarudi kwa wenyeji zikiwa zimechorwa kwenye senti kumi.

Upande wa Sudan fedha ilifuata Misri: pauni, na chini yake piasta. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa Emin Pasha, na watu wanaosema Kiarabu cha Juba, hadi leo huita fedha yoyote *gurush*, yaani piasta. Upande wa Kongo, kwa Kilingala, ni *mbongo*. Kwetu ni shilingi. Mtu wa Koboko akikuomba *gurush* na wewe ukamtolea shilingi, hakuna anayeona ajabu.

Sasa nije kwenye miaka iliyoumiza. Uganda ilianza kutoa shilingi yake yenyewe mwaka 1966, na mwaka 1973 sura ya Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba alikuwa Mkakwa wa Koboko, ikawekwa kwenye noti. Aprili 1979 serikali yake ilianguka, na noti zile zikaondolewa mwaka huo huo. Wakati huo maelfu ya watu wa West Nile walikuwa wanakimbilia Zaire na Sudan. Fikiria mtu wa Midia aliyevuka Mei 1979. Anazo noti za Amin, na anajua zinakufa. Anazibadilisha kwa zaire, kwa bei yoyote anayotajiwa. Desemba ya mwaka huo serikali ya Mobutu inatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, zilizo kubwa kuliko zote, si halali tena, na wananchi wanapewa siku chache tu kuzipeleka benki. Katika miezi minane mtu huyo amepoteza fedha mbili za nchi mbili, naye hakuiba, hakucheza kamari.

Aliyepona ni nani? Ni yule aliyekuwa na noti ndogo. Zaire moja na makuta hazikuguswa. Bibi yetu, aliyekuwa ng'ambo katika miaka hiyo, alikuwa akifunga fedha kwenye pindo la kitenge: ya Kongo pindo la kushoto, ya Uganda la kulia, na hakukubali noti kubwa kama aliweza kupewa ndogo. Tukiwa watoto tulidhani ni ushamba wa mwanamke asiyeijua benki. Nilipokuja kusoma habari za Desemba 1979 nilielewa kwamba alikuwa anaijua benki vizuri sana.

Oktoba 1980 wapiganaji wa Amin walirudi kwa silaha, na jeshi la serikali mpya likalipiza kisasi kwa raia. Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo. Sehemu kubwa ya wakazi wakaondoka. Waliporudi katikati ya miaka ya 1980 walirudi na pauni na zaire, na mifuko hiyo ndiyo iliyofufua masoko. Mwaka 1990 Kate Meagher aliandika makala kuhusu biashara ya pembeni ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, akaonyesha kuwa haikuwa vurugu bali ilikuwa na utaratibu wake, na soko la Ariwara upande wa Kongo likiwa kitovu. Nakubaliana naye. Ninachoongeza ni kwamba utaratibu huo haukuanza na magendo ya dhahabu. Ulianza na swali la kila siku: nikiuza muhogo wangu hapa, nipokee fedha ya nani ili kesho iwe bado ni fedha?

Jibu lilikuja tena Mei 1987. Serikali ya Uganda ilifuta sifuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu ya hapo ikakata asilimia 30. Aliyepeleka shilingi 10,000 alitakiwa kupata 100, akaondoka na 70. Hilo limeandikwa katika kila kitabu cha uchumi. Kisichoandikwa ni habari ya sarafu. Shilingi moja ya zamani ilikuwa sasa sawa na senti moja mpya, na sarafu ndogo kuliko zote iliyotengenezwa mwaka huo ilikuwa ya shilingi 1. Senti moja haikuwa na umbo. Safari hii aliyekuwa na fedha ndogo ndiye aliyemalizika, kinyume cha Zaire 1979. Mbinu ya bibi ilimwokoa upande mmoja wa mpaka na isingemwokoa upande wa pili. Ndiyo maana sipendi kusikia wenzangu wakisema watu wa mpakani "wana akili ya fedha" kana kwamba ni kipaji. Walikuwa wanakisia ni serikali ipi itawaangusha kwanza.

Kwa Zaire nitapita haraka, maana tarakimu zake zinachosha. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ni zaire za zamani bilioni 300. Sudan ilileta dinari mwaka 1992, ikarudi kwenye pauni mwaka 2007. Kati ya hapo, katika maeneo yaliyoshikwa na SPLA, shilingi ya Uganda ilitumika kama fedha ya kawaida.

Sudan Kusini ilipotoa pauni yake mwaka 2011, ilitoa hata noti za piasta, na pauni ilikuwa na nguvu: chini kidogo ya pauni 3 kwa dola. Vijana wa boda wa Koboko waliwapenda abiria wa Juba, maana waliacha chenji bila kuidai. Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ielee, na kwa kiwango rasmi ikaanguka hadi karibu pauni 18 kwa dola. Pauni 100 zilizokuwa dola 33 zikawa dola tano na kitu. Julai 2016 vita vilirudi Juba, vikasambaa hadi Yei, na watu wakavuka kuja kwetu. Abiria aliyekuwa akiacha chenji mwaka 2012 sasa alishuka Oraba na bunda la noti lisilotosha nauli ya kufika mjini. Sikuona dereva aliyecheka. Wengi wao wenyewe walizaliwa ukimbizini, na niliwasikia wakisema, "Weka tu, utanipa siku nyingine."

Leo simu imechukua kazi ya pindo la kitenge. Huduma ya fedha kwa simu ilianza Uganda mwaka 2009, na kwa msafiri wa mpakani ilikuwa nafuu kubwa: hakuna noti iliyochanika ya kukataliwa, hakuna pipi badala ya balansi. Julai 2018 serikali ikaweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu. Baada ya malalamiko iliipunguza mwezi Novemba ikawa asilimia 0.5, kwa kutoa fedha tu. Mjomba wangu, anayenunua maharage Kongo na kuyauza Koboko, hakungoja hiyo Novemba. Wiki ya kwanza ya kodi alitoa kila kilichokuwa kwenye simu, akanunua faranga na dola, na shilingi akabakiza za boda peke yake.