Kitufe cha Gitaa

Historia ya muziki wa dansi hapa nchini imeandikwa zaidi kwa majina ya waimbaji na watunzi, na kwa kiasi fulani kwa majina ya wapiga magitaa. Mafundi waliokuwa wakiyafungua magitaa hayo kwa bisibisi na kuyafunga tena hawamo. Naona upungufu huo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa yako mambo katika sauti ya bendi zetu yasiyoelezeka kwa vidole vya mpigaji peke yake.

Tuchukue jambo moja dogo. Katika bendi za miaka ya 1960 na 1970, iwe NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, iwe Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au Tabora Jazz ya jirani zetu, kazi iligawanywa kati ya gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Mwimbaji anapoimba, solo hukaa chini yake. Akinyamaza, solo hupanda na kushika uwanja. Wimbo mmoja waweza kumtaka mpigaji ashushe na kupandisha sauti mara tano au sita. Ridhimu nayo haina budi ibaki chini muda mrefu, lakini isikike, maana ndiyo inayoongoza miguu ya wachezaji.

Hapo ndipo penye ugumu. Gitaa la umeme likishushwa sauti kwa kitufe chake lenyewe, ambacho mafundi wetu hukiita voliumu, sauti haipungui ukubwa tu. Wembamba wake, ule mlio mkali unaotenganisha uzi na uzi, hutangulia kutoweka, ukabaki mvumo kama wa mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Solo na ridhimu zikivikwa blanketi hilo pamoja, msikilizaji hajui tena ipi ni ipi.

Sababu yake ni fizikia ya darasani. Waya unaotoka kwenye gitaa kwenda kwenye amplifaya ni nyaya mbili zilizotenganishwa na mpira, na kwa hiyo wenyewe ni kapasita, au kondensa kama walivyozoea kusema mafundi wa redio wa zamani. Waya wa mita 5 hufikia kiasi cha pikofaradi 500. Kitufe kikiwa kimefunguliwa chote, jambo hilo si tatizo kubwa. Kikirudishwa nyuma, ukinzani wa kaboni iliyomo ndani yake husimama kati ya sumaku za gitaa na waya, na mitetemo ya haraka huvujia ardhini kabla ya kufika kwenye amplifaya. Kwa kitufe cha omu 250,000, pale ukinzani unapokuwa mbaya zaidi, upungufu huanza kuhisika kwenye mitetemo kama 5,000 kwa sekunde. Kwa kitufe cha omu 500,000 huanza mapema zaidi, karibu na 2,500. Na huko ndiko uliko mng'ao wa gitaa.

Dawa yake ni ndogo kuliko punje ya mtama: kapasita inayolehemiwa kati ya mguu wa kitufe unaopokea sauti na mguu wa kati unaoitoa. Mitetemo ya haraka hupata njia ya mkato, isipite kwenye kaboni. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuiweka kwenye gitaa lake la Telecaster mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwetu, mara nyingi gitaa halikuwa mali ya mpigaji. Lilikuwa la klabu, la jumuiya au la jeshi, naye aliazimwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, hata nyuzi hazikupatikana, na nimeona kwa macho yangu waya wa breki ya baiskeli ukifungwa mahali pa uzi. Katika hali hiyo nani angeagiza kapasita kutoka ng'ambo?

Chuo cha ualimu nilichofundisha wakati huo kilikuwa na bendi ya wanachuo, na gitaa lake la ridhimu lilikuwa na ugonjwa huu. Lilipelekwa kwa fundi redio mmoja, Msukuma wa makamo, ambaye hakupata kupiga gitaa maishani mwake. Alichomoa kapasita kutoka katika redio mbovu, akawa anazijaribu moja moja huku mwanachuo akipiga na kushusha sauti. Ya kwanza ilirudisha wembamba, lakini kila gitaa liliposhushwa lililia kama mbu. Fundi alikaa kimya, kisha akaongeza rezista pembeni ya kapasita, na sauti ikatulia: ilishuka bila kuziba na bila kukwaruza. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba mafundi wa Ulaya na Marekani hufanya vivyo hivyo, wengi wakitumia rezista ya omu kama 150,000. Yeye alifika hapo kwa sikio.

Jambo hili lina maana kwa anayesikiliza leo kanda za Radio Tanzania. Studioni, fundi wa mitambo aliweza kusogeza kipaza sauti karibu na amplifaya moja na kukiweka mbali na nyingine, basi mpigaji aliacha kitufe chake wazi. Ukumbini kusawazisha kulikuwa mikononi mwa wapigaji wenyewe. Kwa hiyo kilichohifadhiwa ni sauti ya studio. Ile tuliyoicheza Jumamosi usiku, jenereta ikinguruma nje ya ukuta, ilitegemea vitufe na waliovitengeneza, nayo haimo katika kanda hizo.

Hapa Nyasubi mafundi redio wa zamani wametoweka mmoja mmoja, na vibanda vyao sasa ni vya simu. Fundi niliyemtaja amekwisha fariki. Gitaa lile nililiona mara ya mwisho siku ya kukabidhi ofisi, limeegemezwa stoo nyuma ya madawati, kapasita na rezista zikiwa bado ndani. Kwenye leja liliandikwa: gitaa 1, bovu.