Vuli Inapotua Gatsata

Mwezi wa kumi ukiingia, mafundi wa gereji za Gatsata, Kigali, hutazama juu mara kwa mara. Wingu zito likishaketi juu ya mlima Jali, injini iliyofunguliwa hufunikwa turubai, na betri, rejeta na spea nyingine huinuliwa kutoka chini na kupangwa juu ya matairi makuukuu. Halafu bati huanza kulia. Punde si punde maji mekundu ya udongo wa mlimani yanateremka vichochoroni, yamebeba mchanga na chupa za plastiki, yanautafuta mto Nyabugogo ulio bondeni.

Wanyarwanda huuita msimu huu umuhindo, mvua za Septemba hadi Desemba. Mtu wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam akifika hapa atasema ni vuli, wala hatakosea. Ulaya majani hupukutika miezi hii. Kwetu ndipo mbegu zinapoingia ardhini.

Pwani, vuli ilikuwa na hesabu yake tangu zamani. Mabaharia na wakulima walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, kumi kumi, kila kumi likiitwa mwongo. Kwa hesabu hiyo walijua Kusi italegea lini na Kaskazi itashika lini, na katikati ya pepo hizo mbili wakaisubiri mvua. Makunduchi, Unguja, mwaka huo bado unakaribishwa kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa.

Rwanda nayo haikuichukulia mvua kuwa jambo dogo. Katika ubwiru, kanuni za siri za kifalme zilizohifadhiwa kwa moyo na abiru, mlikuwa na ibada maalumu ya ukame iliyoitwa Rukungugu. Sababu yake ilikuwa shambani. Umuhindo ndio unaofungua mwaka wa kilimo: maharage na mahindi hupandwa kwa mvua hiyo. Mvua zikikosekana, njaa huingia, na njaa kubwa hupewa jina kama mtu ili isisahaulike. Wazee walisimulia Rwakayihura ya 1928 na 1929, kisha Ruzagayura ya 1943 na 1944. Kutokana na njaa hizo, serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliwalazimisha wakulima kupanda mihogo na viazi vitamu, na kulima mabondeni. Hofu ya kukosa mvua ikaanza kubadili sura ya mabonde.

Mvua inayoipiga Gatsata hutoka wapi? Jua linapovuka ikweta kuelekea kusini, ukanda wa mvua hulifuata. Unyevu mwingine hutoka misitu ya Kongo, mwingine Ziwa Viktoria, na mwingine husafiri kutoka Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 wanasayansi waliokuwa wakifanya utafiti Japani, wakiwamo N. H. Saji na Toshio Yamagata, walieleza jinsi bahari hiyo inavyobembea: miaka fulani maji ya upande wa Afrika hupata joto kuliko kawaida na yale ya upande wa Indonesia hupoa. Hapo vuli ya Afrika Mashariki hufurika. Ndivyo ilivyokuwa 1961, mwaka ambao Ziwa Viktoria lilianza kupanda hadi likaongezeka zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Ndivyo ilivyokuwa tena 1997, na tena 2019, mwaka ambao Kigali ilipata mafuriko yaliyoua watu siku ya Krismasi.

Vuli ya 1961 iliikuta Kigali ikiwa kijiji kikubwa tu. Mjerumani Richard Kandt aliianzisha mwaka 1907, na ilipofanywa makao makuu ya nchi huru mwaka 1962 ilikuwa na watu wapatao 6,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7.

Katika kukua huko Gatsata ilipata kazi yake. Imekaa kwenye barabara ya kaskazini, iendayo Gatuna, Kampala na hatimaye bandari ya Mombasa. Palipo na malori pana gereji, na palipo na gereji pana Kiswahili, lugha ya madereva, mafundi na wauza spea miaka mingi kabla Bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, malori ya njia hiyo yalikatika. Mvua haikusubiri mpaka ufunguliwe.

Mahali tambarare palipatikana bondeni, basi gereji na nyumba zikashuka huko, zikalisogelea eneo la mafunjo. Mafunjo yana kazi kubwa: hupunguza kasi ya maji, huyashika kama sponji na kuyachuja kabla hayajaingia mtoni. Sheria ya mazingira ya 2005 ilikataza kujenga ndani ya mita 20 kutoka ukingo wa ardhi oevu. Desemba 2019 familia nyingi za Kigali ziliondolewa mabondeni, na kuhama kulikuwa na uchungu wake kwa watu waliojenga kwa jasho lao. Mwaka 2022 bonde la Nyandungu, lililokuwa limechakaa, lilifunguliwa likiwa bustani ya mafunjo, mabwawa na ndege.

Maji hufuata mkondo. Mvua ikikatika Gatsata, fundi hushika fagio na kusukuma tope nje ya kibanda chake. Juu ya maji kuna utando wa mafuta ya injini unaometa rangi rangi. Utando huo unaingia Nyabugogo, Nyabugogo inaingia Nyabarongo, Nyabarongo inaingia Akagera, na Akagera inamwagika Ziwa Viktoria, ambako mvuvi anatupa nyavu zake. Babu zetu waliijua siku ya vuli, wakaiandalia mbegu na jembe. Sisi tuiandalie mahali pa kupita, na pipa la mafuta machafu lenye kifuniko kwa kila gereji, kabla wingu halijaketi tena juu ya Jali.