Makutano Gani?

Andika "Makutano" kwenye kifaa cha GPS, kisha subiri. Kitakuletea Makutano ya Kapenguria, Makutano ya Meru, Makutano ya njia ya Embu, zote za Kenya. Ile unayoitaka wewe, pale barabara ya Mwanza–Musoma inapoachana na njia ya Butiama, wenyeji wanaiita Makutano ya Juma, na huenda ukaikuta chini kabisa ya orodha. Kondakta hana shida hiyo. Anagonga bodi la basi mara mbili, anapaza sauti, "Makutano, wa Butiama!", na abiria wanaanza kupapasa vikapu vyao chini ya viti.

Jamaa zangu wanaokuja kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, au wanaopitia Bunda kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, huniuliza wanunue GPS gani: ya kubandika kwenye kioo cha gari au ya kushika mkononi? Huwa nawauliza kwanza, ndani yake mna ramani ya nani? Maana nchi hii ya Mara imechorwa mara kadhaa, na kila aliyeichora alikuwa na lake analolitafuta.

Mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, akiwa na miaka kama 12, alitoka Butiama kwenda kuanza Shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi. Enzi hizo njia ilisomwa kwa vilima, kwa vijito na kwa miji ya watu, na mji huku ni boma la mtu na wanawe, si Musoma wala Mwanza. "Ukifika kwa fulani, mwache kulia, ushuke bondeni." Hata leo utaelekezwa hivyo hivyo, na usishangae kama huyo fulani alishafariki zamani na mji wake umebaki majani. Mji ukihamwa, mahali pake huitwa tongo. (Wa pwani watafikiria tongo za macho, sisi tunafikiria mahame.) Mwitongo, kilima chenye majabali makubwa alikozikwa Mwalimu tarehe 23 Oktoba 1999, kwa Kizanaki ndiyo maana yake: kwenye tongo, palipokuwa na mji wa wazee.

Wageni walianza na Ziwa Victoria. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alilizunguka kwa mashua yake, Lady Alice, akianzia upande wetu wa mashariki, na alichoondoka nacho ni umbo la ufuko. Ya nchi kavu kwa undani yalingoja Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, walipoanza kupiga picha kutoka kwenye ndege na kuzigeuza karatasi za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita moja ni nusu kilomita. Ni ramani nzuri mno. Hadi leo ukiitandaza moja juu ya boneti la gari utaona kila korongo na kila mkunjo wa kilima, kazi ya mikono ya watu wavumilivu.

Lakini zina mtego. Zilijengwa juu ya hesabu ya umbo la dunia iitwayo Arc 1960, iliyotumika Tanzania, Kenya na Uganda. GPS ina hesabu yake, WGS 84. Latitudo ile ile na longitudo ile ile, zikisomwa kwa hesabu hizi mbili, huangukia sehemu mbili zilizoachana kwa takriban mita 300. Nililijua hilo kwa miguu. Mara ya kwanza nilipoazima GPS ya mkononi, nilinakili namba za kisima kutoka kwenye karatasi, nikaufuata mshale hadi ukasema nimefika. Nilikuwa katikati ya shamba la mihogo. Binti aliyekuwa akipalilia aliniangalia, akaniangalia tena, akanyoosha jembe kuelekea ng'ambo ya korongo: "Kisima kile kule." Kwenye mipangilio ya kile kifaa palikuwa na mstari mmoja tu wa kubadilisha, na sikujua kama upo.

Kisha watu wenyewe wakahama. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwakusanya wananchi kutoka kwenye miji iliyotawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya mistari, na aliyeiamuru ni mtoto yule yule wa Butiama, sasa akiwa Rais. Karatasi zilizochorwa kabla ya hapo zikabaki zinaonyesha vidoti vya nyumba ambazo hazipo. Makorongo yalikuwa sahihi, watu hawakuwepo.

Huko Marekani jeshi lilikuwa likijitengenezea kitu kingine. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa Februari 1978. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea iliyopotea njia ilitunguliwa na Wasovieti, watu 269 wakafa, na Rais Reagan akaahidi kuwa mfumo huo utafunguliwa kwa raia wote ukiwa tayari. Mwaka 1989 ikatoka Magellan NAV 1000, ya kwanza ya kushika mkononi kwa raia, kwa karibu dola 3,000, bei ambayo hapa ungenunulia kundi la ng'ombe na bado ukabaki na chenji ya mbuzi. Siri yake ni saa. Kila setilaiti, ikiwa juu kiasi cha kilomita 20,000, hutangaza saa yake, na kifaa hupiga hesabu ya muda ambao kila tangazo limechukua kufika. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Jeshi lilikuwa likiwavurugia raia hesabu hiyo kwa makusudi, hata kifaa kiweze kukosea mita 100, hadi tarehe 2 Mei 2000 lilipoacha. Mita 100 katikati ya ziwa si hoja. Kwenye njia panda ya kijijini, hiyo ni njia nyingine kabisa.

Vifaa vikashuka bei, lakini kwa miaka mingi aliyekiwasha Butiama aliona ziwa, mstari wa barabara kuu, kidoti cha Musoma, kidoti cha Bunda, na kimshale chake kikitembea kwenye weupe mtupu. Tracks4Africa ya Afrika Kusini ilisaidia kwa kukusanya nyayo za wasafiri wenye magari yao. Ni nzuri kwa anayekwenda mbugani, maana huko ndiko wasafiri hao walikokwenda.

Wengi wetu tulikutana na GPS ya gari kwa njia ya kuchekesha zaidi. Ukilitoa gari bandarini Dar es Salaam, limetumika Japani miaka kumi, unawasha, na kwenye dashibodi mama mmoja mpole anakukaribisha kwa Kijapani. Skrini ni kubwa, maandishi ni ya kwao, ramani ni ya visiwa vyao. La kwangu lilikuwa likinisemesha kila asubuhi kwa heshima kubwa, nami sijui ananiambia nini. Fundi redio alinishauri nisihangaike kumtafutia ramani ya hapa. "Huyo mwache apige muziki."

Ramani yenye majina yetu ilianza kujaa kwa sababu ambayo haikuwa safari. Kwenye wilaya za Serengeti na Butiama wapo wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa msimu wa Desemba. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama. Simu inapigwa usiku: msichana yuko kijiji fulani, amejificha, njooni. Kijiji chenyewe hakimo kwenye ramani, na usiku huo si wa kusimama kila nyumba kuuliza njia, maana hujui unayemuuliza yuko upande gani. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza 2015, ukaomba watu wa kujitolea duniani kote wafungue picha za setilaiti na kuchora kila njia na kila paa kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mtu aliyeketi Ulaya anaweza kuchora paa la Butiama. Jina la kitongoji hawezi kulijua. Hilo lilimngoja mwenyeji mwenye simu janja, apite, asimame mbele ya shule au zahanati, aandike.

Serikali nayo ikaja na lake. Mwaka 2022 zilipita anwani za makazi, vibao na namba milangoni, kisha Agosti 23 ikawa sensa, na makarani wenye vishikwambi.

Kwa hiyo ninunue ipi? Kama njia yako ni Musoma, Bunda na Butiama, simu uliyonayo inatosha. Nunua kishikio cha kwenye kioo na chaja ya gari, na upakue ramani ya Tanzania kabla hujatoka nyumbani kwenye programu kama OsmAnd au Organic Maps, ambazo hutumia OpenStreetMap. Watu wengi wanaamini GPS inakula bando. Haili, kinachokula bando ni kuvuta picha ya ramani njiani. Kile cha dukani cha kubandika garini, kikija na ramani ya Ulaya, mwachie aliyekileta.

Cha mkononi ni kwa anayeacha barabara: mpima ardhi, mwongoza wageni, mvuvi anayerudia nyavu zake gizani. Chagua kinachotumia betri ndogo za AA, zile za rimoti, maana duka la kijijini linazo. Chenye vitufe, kwa kuwa kioo cha kugusa hakisikii kidole chenye maji. Kinachokubali kupandishwa ramani ya OpenStreetMap. Na kabla ya kulipa, fungua mipangilio uone kama Arc 1960 imo. Kikidaka na setilaiti za Warusi au za Ulaya pamoja na za Wamarekani, ni bora zaidi, hasa chini ya majabali.

Mwezi uliopita nilikuwa chini ya majabali ya Mwitongo, nikimwonyesha mzee mmoja simu yangu. Alitambua njia, akatambua kanisa, akaweka kidole juu ya kimraba kilichochorwa kando ya mtaa.

"Hii ni nyumba?"

"Ndiyo, tata."

"Hapana. Hapo watu walihama. Hilo ni tongo."

Nilimwambia naweza kuifuta, ni kugusa tu. Alifikiri kidogo, akauliza kama naweza kuandika badala ya kufuta. Pana makaburi, alisema, na vijana wao wanaoishi Mwanza huja kila mwaka, na kila mwaka wanauliza njia. Akanitajia jina la mwenye mji, polepole, herufi kwa herufi, nami nikaliandika.