Mchomozo wa Diski na Kipimo cha Mzigo

Katika hospitali za Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambako madaktari huandika kwa Kifaransa, ugonjwa huu wa mgongo huitwa hernie discale. Mgonjwa wa Masisi au Walikale hutoka na jina hilo kwenye karatasi, na kazi ya kulifasiri humwangukia muuguzi, jirani aliyesoma, au mkandaji wa mifupa. Kiswahili kina tafsiri kadhaa za jina hilo, na tatu zinastahili kupimwa. Ya kwanza ni ngiri ya mgongo, kwa kuwa hernie peke yake ni ngiri. Ya pili ni kusema diski imeteleza, au imehama. Ya tatu ni kusema pingili zimesagika. Kila tafsiri kati ya hizi inamwelekeza mgonjwa la kufanya, hata kama aliyeitamka hakukusudia. Ngiri ni maradhi ya tumbo na kinena, nayo katika masikio ya wengi hufungamana na uanaume na kisu cha daktari: mwanamke ataona hayamhusu, mwanamume atasikia aibu au upasuaji. Kilichoteleza hudai kurudishwa, kwa hiyo mgonjwa hutafuta wa kumkandamiza na kumpinda mgongo, ama hulala kimya akihofia kisiteleze zaidi. Kilichosagika hakirudi tena, na mwenye kuamini hivyo hukata tamaa. Napendekeza tuseme mchomozo wa diski. Napendekeza pia kwamba neno mazoezi lisiandikwe karibu na istilahi hii bila neno kipimo kulifuata, hasa kwa wasomaji wa milima ya Masisi na misitu ya Walikale.

Tuanze na kitu chenyewe. Uti wa mgongo ni safu ya pingili, na kati ya pingili na pingili, kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, zimo diski 23. Kila diski ina kiini laini chenye maji mengi, nacho kimezungukwa na pete za nyuzi ngumu. Diski imeshikamana na pingili iliyo juu yake na iliyo chini yake, kwa hiyo haiwezi kuteleza ikatoka yote kama sabuni mkononi. Kinachotokea ni kwamba nyuzi za pete huchanika, mara nyingi upande wa nyuma, na sehemu ya kiini husukumwa nje. Hutokea zaidi katika diski mbili za mwisho za kiuno, zinazobeba uzito mkubwa kuliko nyingine. Sehemu iliyotoka ikigusa mzizi wa neva na kuuwasha, maumivu hushuka kwenye tako, paja na mguu, pengine pamoja na ganzi. Kitenzi kuchomoza kinalieleza tukio hili sawasawa, maana kinasema kitu kimejitokeza kutoka mahali kilipo bila kudai kwamba mahali penyewe pameachwa wazi. Na hapa niseme neno juu ya neva. Wengi huiita mshipa, lakini mshipa ni pia wa damu, na pwani mshipa ni jina jingine la ngiri. Anayemweleza mgonjwa kuwa diski imebana mshipa anaweza kumrudisha kwenye kinena bila kujua. Aseme neva, au mshipa wa fahamu kwa ukamilifu.

Faida kubwa ya mchomozo ni kwamba neno lenyewe linaruhusu habari njema. William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoeleza ugonjwa huu mwaka 1934, walionyesha kuwa vinundu ambavyo wapasuaji walikuwa wakivihesabu kuwa uvimbe wa gegedu vilikuwa kwa kweli vipande vya diski. Tangu hapo, kwa miongo kadhaa, upasuaji ulionekana kuwa jibu la kawaida. Picha za kisasa zimeonyesha jambo jingine: kilichochomoza mara nyingi hunywea chenyewe. Seli za kinga za mwili hukifikia, hukila kidogo kidogo, na maji yake hupungua. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa wa maumivu makali ya mguu katika makundi mawili, wa kupasuliwa mapema na wa kusubiri wakitibiwa bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamefikia karibu hali moja. Tena mapitio ya picha za watu wasio na maumivu yoyote, yaliyotolewa mwaka 2015, yalikuta diski zilizotokeza kwa takriban asilimia 29 ya wenye umri wa miaka 20. Mchomozo basi si hukumu, na mtu anaweza kuwa nao asijue maisha yake yote.

Kutoka hapo tunafika kwenye mazoezi. Mzizi wa neno hili ni kuzoea, na Kiswahili kilipata bahati kuliunda hivyo, kwa sababu tiba ya mchomozo ni hasa kuuzoeza mgongo. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya kutoka kwenye pingili, na mwendo wa kubanwa na kuachiwa husaidia maji kuingia na kutoka. Kulala kitandani majuma mawili, agizo lililotolewa na madaktari wengi wa karne ya 20, hakukuthibitika kuwa na faida. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walilinganisha wagonjwa wa siyatiki, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, waliolazwa kitandani kwa majuma mawili na walioachwa wakiendelea na shughuli kadiri walivyoweza, wakakuta kulala hakukuleta nafuu zaidi. Kutembea nako kumepata ushahidi wake: jaribio la Australia lililotangazwa mwaka 2024 liliwafuata watu waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno, na waliopewa mpango wa kutembea na mafunzo kidogo walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla ya maumivu kurudi, ilhali wasiopewa walikaa 112. Jaribio hilo halikuhusu mchomozo peke yake, lakini linaonyesha mgongo unapenda nini.

Hata hivyo, ushauri huu uliandikwa kwa mtu akaaye kitini. Umwambie mtu huyo afanye mazoezi, unamwongezea mwendo uliokosekana. Ukimwambia vivyo hivyo mwanamke wa Masisi ashukaye mlimani na mzigo wa kuni au viazi mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, hujamwambia kitu, au umemwambia kosa. Mwendo anao tele. Anachokosa ni mwendo usio na mzigo. Huko Walikale, katika miaka ya 2000, kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilitolewa msituni kwa migongo ya wapagazi: magunia ya kilo 50, njia ya kilomita 45 hivi hadi Njingala, siku mbili za matope na mizizi. Leo Bisie ina mgodi wa kiwandani, lakini kubeba hakukuisha. Vilima vya Rubaya, huko Masisi, vinachimbwa koltani kwa mikono na kubebwa kwa mabega, na bidoni la maji la lita 20 ni kilo 20 kila siku ya Mungu. Kwa mgongo kama huo, neno mazoezi pekee ni dawa isiyoandikwa kiasi cha kunywa.

Kipimo kina msingi wa kisayansi. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ujerumani walitoa vipimo vya shinikizo ndani ya diski ya kiuno ya mtu mmoja aliyejitolea. Akilala, shinikizo lilikuwa kama moja ya tano ya lile la kusimama. Akiinua kilo 20 huku amejikunja mgongo, liliruka hadi zaidi ya mara nne ya kusimama. Akiinua kilo zilezile kwa kukunja magoti, lilipungua, lakini likabaki zaidi ya mara tatu. Mtu mmoja hawezi kuwa kipimo cha wote, na namba zake zisishikwe kama sheria. Lakini mwelekeo wake ni wazi: namna ya kuinua ina faida, na uzito wenyewe una nguvu kuliko namna. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yaliunga mkono upande huo, kwani hayakupata ushahidi kwamba kuwafundisha wafanyakazi jinsi ya kuinua, pasipo jambo jingine, huzuia maumivu ya mgongo. Shirika la Kazi Duniani liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mwanamume mzima katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, na kutaka wanawake wabebe uzito ulio mdogo sana kuliko huo. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huanzia kilo 23 kwa kuinua katika hali iliyo bora kabisa, kisha hupunguza kadiri hali inavyokuwa mbaya. Mteremko wa udongo wenye mvua si hali bora.

Je, kipimo hujulikanaje pasipo mashine? Maumivu yenyewe ni kipimo, yakisomwa vizuri. Robin McKenzie, mtaalamu wa tiba ya viungo wa New Zealand, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba wagonjwa wengine, wakilala kifudifudi na kunyanyua kifua kwa mikono, maumivu ya mguu hupanda na kujikusanya kiunoni. Kupanda huko ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kwa muda. Maumivu yakishuka kuelekea kidole cha mguu, zoezi hilo, au mzigo huo, umezidi. Kanuni hii naiona kuwa ya thamani kuliko orodha yoyote ya mazoezi, kwa sababu inakwenda na mtu shambani. Katika majuma ya kwanza mgonjwa atembee mikono mitupu, mara nyingi na kwa muda mfupi. Alale kifudifudi na kujaribu kujiinua kwa viwiko. Akiweza, alale chali na kuinua makalio, au apige magoti na kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Aahirishe kujikunja sana asubuhi, maana diski hujaa maji usiku na huwa imevimba mtu aamkapo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wenye maumivu sugu ya kiuno waliojizuia kuinama mapema asubuhi walipata nafuu. Jembe la mpini mfupi lingoje saa moja au mbili. Baadaye mzigo urudi: lita 5, kisha 10, karibu na mwili, na kila hatua mguu uulizwe kwanza.

Atatokea wa kuniambia kwamba haya ni maneno ya wenye kushiba. Mpagazi hulipwa kwa kilo, na mama aliyekimbia mapigano hubeba nyumba nzima mgongoni kwa sababu hakuna mwingine wa kuibeba. Pingamizi hili ni zito, na sitaki kulipita kwa huruma tupu. Jibu langu ni kwamba kipimo hakimdai mtu aache kubeba. Kinamdai agawe: mabidoni mawili ya lita 10 kwa safari mbili, badala ya moja la 20, gunia la nusu, mapumziko zaidi njiani, chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, pale barabara inaporuhusu. Safari mbili hula muda, na mahali pasipo na amani muda ni hatari pia. Hilo ni kweli. Lakini anayeshindwa kabisa kutembea kwa miezi miwili hupoteza zaidi. Tena sehemu kubwa ya uamuzi haiko kwa mbebaji. Iko kwa anayefunga gunia, na gunia la kilo 25 hushonwa kwa uzi uleule.

Pingamizi la pili ni la kitabibu: bila mashine ya picha, nani anajua kuwa ni mchomozo? Kwa maumivu ya mguu yasiyo na dalili za hatari, picha haihitajiki mwanzoni hata katika miji yenye mashine, na muuguzi akiinua mguu ulionyooka wa mgonjwa aliyelala chali atapata habari nyingi. Kinachohitajika ni kutambua kisichokuwa mchomozo. Homa, jasho la usiku, kukonda na mgongo kuota nundu huashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Katika malisho ya Masisi, mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa mwenye homa ya kuja na kuondoka apimwe brusela. Aliyeanguka au kupigwa aweza kuwa na pingili iliyovunjika. Na mtu yeyote anayeshindwa kukojoa au kujizuia, aliye na ganzi kati ya mapaja, au ambaye miguu inalegea, asipewe zoezi lolote wala asikandwe: apelekwe siku hiyohiyo hospitali kuu ya rufaa, kwani neva zilizobanwa namna hiyo huhitaji mpasuaji haraka.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi wa vituo vya afya, wakufunzi wao, na watangazaji wa redio za jamii wanaozungumza na watu hawa kila siku: waseme mchomozo wa diski, waeleze kwamba hunywea, na wasiagize mazoezi bila kutaja uzito kwa kilo au kwa lita, idadi ya safari, na dalili ya mguuni inayomtaka mtu aache. Nao wanunuzi wa madini na wagawaji wa chakula cha msaada katika Masisi na Walikale waanze kushona magunia ya kilo 25.