Tufuate Maji: Tarehe ya Magofu, Mapango na Watembeza Wageni wa Kaskazini Unguja

Matemwe imekaa juu ya mwamba. Ukishaupita mchanga wa pwani na minazi yake unaingia maweni, kwenye matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, makali, yenye vichaka, na udongo uliojikusanya kwenye mashimo tu. Hapana mto wala kijito. Mvua ya masika ikinyesha, maji hayatiririki juu ya ardhi. Hupenya mwamba moja kwa moja, yakaenda kukaa juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pwani, maana maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Pale ambapo paa la mwamba liliporomoka, binadamu alipata mlango wa kuyafikia. Huo ndio mwanzo wa tarehe hii. Anayetaka kufahamu kwa nini magofu ya kaskazini yako pale yalipo, na ayafuate maji.

Gari zinazofika Matemwe asubuhi kuchukua wageni hazifuati maji. Zinafuata barabara ya Mkwajuni na Kinyasini, zikapita mashamba ya viungo, zikaishia Mji Mkongwe. Magofu yaliyo karibu zaidi na Matemwe, ya Mvuleni na Fukuchani, yako upande wa pili wa rasi, kando ya njia ya Nungwi, na ni wageni wachache wanaoshushwa hapo. Jambo hilo lina historia yake. Kazi ya kutembeza wageni Unguja ilizaliwa mjini, ikatoka shamba kidogo kidogo, na kila jiwe iliyolikuta njiani ililitafutia mwenyewe wa mbali.

Kwanza, mawe na mapango kwa mpango wa zama zao.

Pango kongwe kuliko yote yanayojulikana kisiwani ni Kuumbi, huko Jambiani, kusini. Wanaakiolojia waliochimba humo wamekuta zana za mawe na mifupa ya wanyama, wakiwemo pundamilia, ambao Unguja ya leo haina. Maelezo yake ni mepesi: watu walikuwa wakilitumia pango hilo zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, wakati ambapo Unguja ilikuwa bado imeshikana na bara. Bahari ilipopanda, kiasi cha miaka 10,000 nyuma, nchi ikawa kisiwa na wanyama wakubwa wakatoweka. Pango halikusahauliwa. Hata katika zama zetu watu wa Jambiani hufukiza ubani humo, kama wanavyofanya wavyale, yaani wazee watunzaji wa mizimu, katika mizimu mingine mingi ya Unguja, na wanakijiji hao ndio wanaowashusha wageni chini kwa taa.

Zama za pili ni za vijiji vya pwani. Fukuchani, kwenye ufukwe unaotazamana na Tumbatu, palikuwa na makazi tangu karne ya 6. Nyumba zao zilikuwa za udongo na miti. Walivua, walifua chuma, na walipokea vyombo vya udongo kutoka ng'ambo. Unguja Ukuu, upande wa kusini, ilikuwa mji wa biashara karibu na wakati huohuo. Jirani na Fukuchani, Mkokotoni, zimechimbuliwa shanga za kioo kwa wingi mno, na shanga za namna hiyo zilikuja kwa upepo wa kaskazi kutoka India. Mhindi na Mtumbatu walikwisha kufanya biashara karne nyingi kabla ya duka la kwanza la Darajani, mjini.

Mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, msikiti wa Kizimkazi uliandikwa tarehe yake kwa herufi za Kikufi kwenye ukuta wa kibla. Karne iliyofuata, mji wa mawe ulikuwa umesimama Tumbatu. Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Unguja walihamia kisiwa kiitwacho Tumbatu, na kwamba wakazi wake ni Waislamu. Magofu yake yapo Jongowe, pamoja na msikiti mkubwa ufukweni. Ajabu ya mji huo ni kwamba ulijengwa kwenye kisiwa chenye shida ya maji. Kwa vizazi, Watumbatu walivuka mkondo na vyombo vyao kwenda kuteka maji upande wa Unguja. Kwa hiyo Tumbatu na pwani ya Mkokotoni hazisomeki mbalimbali: huku mji na bandari, huku visima.

Zama za tatu ni za nyumba mbili zilizoleta ubishi. Huko Fukuchani na Mvuleni zimebaki kuta za nyumba za mawe zilizozungushiwa ua mnene, na ua wa Fukuchani una matundu madogo ya kutolea mtutu wa bunduki. Ndani mna milango ya matao na vidaka vya ukutani. Huko Mvuleni, nje kidogo ya ua, liko pango kubwa lenye maji. Kwa muda mrefu vitabu, vibao na watembeza wageni walisema kwa sauti moja kwamba hizo ni nyumba za Wareno. Hoja yao ilikuwa yale matundu: nani mwengine angekuwa na bunduki?

Wanaakiolojia waliochimba kuanzia miaka ya 1980, Mark Horton akiwa miongoni mwao, waliona vingine. Nyumba ni za karne ya 16, kweli, lakini ujenzi wake ni wa Kiswahili: matumbawe, chokaa, vidaka na mpangilio wa vyumba unaofanana na nyumba nyingine za mwambao. Waliojenga walikuwa wenyeji wenye mali, walioishi katika karne ya vita na wakajikinga ipasavyo. Wareno wenyewe hawakuwa wengi Unguja. Merikebu ya Kiingereza ya James Lancaster ilipotia nanga mwaka 1591 ilikuta wana kituo kidogo tu cha biashara. Pahala walipojenga panajulikana: ni mjini, walikoweka kanisa dogo ambalo baadaye Waomani walijenga Ngome Kongwe juu yake.

Lakini maneno hayo mapya hayakutembea kwa haraka kama yale ya zamani. Mpaka leo utasikia "nyumba ya Mreno" kutoka kwa mtu ambaye babu zake, kwa uwezekano mkubwa, ndio waliochoma chokaa yake.

Zama za nne ni za masultani, na hapa pia maji ndiyo yanayoongoza. Sultani Seyyid Said alipotaka kasri nje ya mji alijenga Mtoni, pwani ya magharibi yenye udongo mzito na vijito. Hapo ndipo alipozaliwa bintiye Salme, mwaka 1844. Huko Kidichi, juu ya vilima vya mikarafuu, alijenga hamamu yenye nakshi za Kiajemi kwa ajili ya mkewe kutoka Uajemi. Huko Dunga, katikati ya kisiwa, Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa wenyeji, Muhammad bin Ahmed, naye alijenga jumba lake. Alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed mwaka 1873, na enzi hiyo ya wenyeji ikakatika. Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi mpaka mjini kwa mfereji, akajenga hamamu ya Hamamni, kasri la Maruhubi na Beit al-Ajaib. Maruhubi iliungua mwaka 1899; zimebaki nguzo na mabirika.

Zama hizohizo zinatufikisha kwenye mapango mawili ya Mangapwani. Moja limechongwa na watu: chumba kilichochimbwa ndani ya mwamba na kuezekwa, cha kufichia watumwa baada ya mkataba wa Juni 1873 kufunga soko la mjini na kuifanya biashara hiyo kuwa ya magendo. La pili ni la maumbile, refu, na chini yake mna maji. Watembeza wageni husimulia kwamba lilipatikana pale kijana mchunga mbuzi alipopotelewa na mbuzi wake, akamsikia akilia chini ya ardhi.

Hadithi ya mbuzi inafaa kuwekwa kando ya hadithi ya Ajanta, India. Huko kuna mapango yapata 30 yaliyochongwa na Mabuddha katika jabali, yenye picha za rangi ukutani, na vitabu vya wasafiri husema yaligunduliwa mwaka 1819 na ofisa wa Kiingereza, John Smith, alipokuwa akiwinda chui milia. Vijiji vya jirani vilikuwepo muda wote huo, na njia ya kufikia mapango ilijulikana na wachungaji. Mangapwani ni hivyo hivyo. Katika kisiwa chenye mito michache, ni vigumu kuamini kwamba pango lenye maji lilimsubiri mbuzi. Hadithi ya ugunduzi huipa ziara mwanzo mtamu, lakini huwafuta waliokuwa wakiteka maji pale.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kutembeza.

Wakoloni wa Kiingereza ndio waliochora ramani ya kwanza ya mambo ya kutazamwa. F. B. Pearce, aliyekuwa mkuu wa utawala wao Unguja, alizuru magofu ya Tumbatu na Kizimkazi, na mwaka 1920 akatoa kitabu kikubwa juu ya kisiwa. Katika maandishi ya wakati wake, karibu kila jengo zuri lilipewa Mwajemi, Mwarabu au Mreno. Mswahili alitajwa kama mrithi aliyeshindwa kutunza. Mwaka 1925 lilifunguliwa jumba la makumbusho la Beit al-Amani, kazi ya msanifu John Sinclair. India ilikwisha kuwa na sheria ya kuhifadhi majengo ya kale tangu 1904, na Zanzibar, iliyokuwa ikitumia sheria nyingi za India, nayo ikapata dikrii yake yenye jina kama lile. Gofu likiandikwa kwenye orodha ya serikali, huandikwa pamoja na maelezo yake, na maelezo hayo hudumu kuliko boriti.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wageni walipungua sana. Mlango ulifunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, bei ya karafuu ilipoanguka na serikali ikatafuta fedha kwingine. Sheria ya uwekezaji ilipita mwaka 1986. Hapo ndipo ziara ya mashamba ya viungo ilipotia mizizi: gari moja, vituo vitatu au vinne, chakula cha mchana, na Kidichi au Mangapwani njiani. Mjini wakazuka papasi, vijana wa Forodhani na bandarini waliojifunza Kitaliana kabla ya kupata viatu vya pili. Kamisheni ya Utalii ikaja na vitambulisho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na njia zote zikazidi kuelekea huko.

Matemwe iliingia kwenye biashara hiyo kwa upande wa bahari. Wanawake walikuwa wameanza kulima mwani kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, wanaume wakiendelea na ngalawa zao. Kisiwa cha Mnemba, walikopiga dago wavuvi, kikawa hoteli ya watu wachache, na bahari yake ikawa eneo la hifadhi. Vijana wa Matemwe wakawa manahodha wa wageni na wazamiaji hodari. Nchi kavu hawakuitwa. Mgeni anayelala Matemwe akitaka historia, huletewa mtembezaji kutoka mjini, akapelekwa mjini.

Hasara ya mpango huo imeonekana. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jengo hilo ndilo lililokuwa kituo kikuu cha ziara za mjini. Pia mjini, katika eneo la kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, wageni hushushwa kwenye vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika na kuambiwa watumwa walifungwa humo. Jengo hilo ni la wamisionari, la baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamelitilia shaka simulizi hilo. Uovu wa soko ni wa kweli na una ushahidi wa kutosha. Hauhitaji chumba cha kuazima. Anayetaka kuonyesha mateso ya chini ya ardhi anacho chumba cha Mangapwani.

Ndiyo maana naiona ziara ya maji kuwa ya haki zaidi, na Matemwe ndipo inapofaa kuanzia. Siku moja inatosha: mapango ya msitu wa Kiwengwa kwa upande wa kusini, halafu Mvuleni na pango lake, Fukuchani na ufukwe wake, kisha kuvuka kwa mashua kwenda Jongowe. Haina sultani hata mmoja. Ina miaka zaidi ya elfu ya watu waliojua mwamba unaweka wapi maji, wakajenga hapo, wakasali hapo, wakapokea shanga za India hapo. Watembezaji wake wapo tayari vijijini. Kinachokosekana ni vitambulisho, mafunzo yanayowaweka wavyale na wanaakiolojia katika chumba kimoja, na vibao vipya mahali pa vile vya Mreno.

Mpaka hayo yatimie, mgeni na mwenyeji wanaweza kumpima mtembezaji yeyote kwa maswali mawili mbele ya gofu lolote la Unguja. Nani alijenga, na kwa ushahidi gani? Na waliokaa humu walikunywa maji ya wapi? La kwanza linaweza kujibiwa kwa uongo uliokaririwa. La pili humlazimisha atembee, akaonyeshe kisima au pango, na mara nyingi akimaliza kuonyesha, jibu la kwanza huwa limeshabadilika.