Mwaka wa kalenda na mwaka wa jembe: Jinsi Migori na Homa Bay zinavyoaga na kupokea mwaka

SAA sita usiku wa Desemba 31, makanisa ya Homa Bay, Rongo, Awendo na Migori hujaa waumini waliokesha, nao hukumbatiana na kutakiana heri. Kesho yake asubuhi, hata hivyo, mashambani hakuna jambo jipya. Mahindi ya mvua za vuli yamevunwa au yanamalizia kukauka, ardhi ni ngumu, na jembe limeegemezwa ukutani. Kwa mzee anayeshika desturi za Waluo, mwaka mpya bado haujafunguliwa, kwa sababu mbegu ingali ghalani.

Kalenda ya kuchapishwa haina umri mkubwa katika kaunti hizi mbili, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza. Wamishonari Waadventista walipofungua kituo cha Gendia karibu na Kendu Bay mnamo 1906, wenyeji walihesabu wakati kwa mwezi wa angani na kwa misimu miwili ya mvua. Chwiri ni masika, msimu ambao hupandiwa kuanzia Februari au Machi. Opon ni mvua fupi za nusu ya pili ya mwaka. Kazi za mwaka, ambao kwa Kiluo huitwa higa, zilifunguliwa na chwiri.

Kufungua huko kuna jina lake: golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Mvua ya kwanza ikishanyesha, mwenye boma humtangulia kila mtu, naye huanza na mikayi, mke wa kwanza. Mume na mke hulala pamoja usiku huo, na alfajiri mbegu hupelekwa shambani. Baada ya mikayi hufuata nyachira, mke wa pili, kisha reru, wa tatu. Wana wa kiume nao hupanda kwa kufuata kuzaliwa, kifungua mimba akitangulia na kitinda mimba akiwa wa mwisho. Mavuno hufuata mpangilio uo huo: mdogo haruhusiwi kuleta nyumbani wala kuonja nafaka mpya kabla ya mkubwa. Kwa hiyo kufunga msimu na kuufungua ni mambo ya zamu, na tarehe haina nafasi kubwa humo.

Sheria hizi huitwa chik. Anayezivunja huaminiwa kujiletea chira, ugonjwa wa kudhoofika ambao huweza kumwangukia hata mtoto asiye na hatia. Mengi ya desturi hizo yaliwekwa katika maandishi na Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, katika kitabu chake cha Kiluo cha 1938, Luo Kitgi gi Timbegi. Kwamba mwandishi wake alikuwa pia Mkristo na mtumishi wa serikali ya kikoloni ni jambo la kuzingatiwa na wanaodhani kwamba mila na kalenda ngeni zimekuwa zikipigana tangu siku ya kwanza.

Mpangilio huu una manufaa yake. Huwalazimu ndugu wasiosemezana kupatana kabla ya mvua, maana mdogo hawezi kumpita mkubwa wala mkubwa hawezi kujitenga bila kuwakwamisha wote. Gharama yake pia ni kubwa. Mvua za miaka ya karibuni zimekuwa za kubahatisha, na mkulima wa mwisho kwenye foleni akisubiri wiki mbili zaidi huenda akakuta unyevu umekwisha. Huko Awendo, ambako kiwanda cha sukari cha Sony kilianza kazi mnamo 1979, muwa umeongeza utata mwingine: hukaa shambani kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, kisha huchipuka tena kutoka kwenye kisiki, kwa hiyo haukubali kubanwa na kalenda ya mtama na wimbi.

Aliyebeba mzigo mzito kuliko wote ni mjane. Kwa tafsiri kali ya chik, mwanamke aliyefiwa hawezi kutoa mbegu mpaka atwaliwe na ndugu wa marehemu, desturi iitwayo tero, na tendo la ndoa ndilo lililohesabiwa kuwa limeufunga msiba. Akikataa, yeye hukwama, na wanawe waliooa hukwama nyuma yake. Mnamo 2018 utafiti wa kitaifa uliokadiria maambukizi ya HIV miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 64 uliiweka Homa Bay kwenye asilimia 19.6, ilhali wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 4.9. Si haki kuitwika tero peke yake takwimu hizo. Uvuvi, uhamaji na umaskini vina sehemu yao. Lakini palipo na maambukizi ya kiwango hicho, kumshurutisha mjane kulala na mtu ili apate ruhusa ya kupanda mahindi ni kumwekea kifo na njaa mezani achague.

Mabadiliko yamekuja kutoka ndani zaidi kuliko mahakamani, ingawa Katiba ya 2010 inabatilisha mila yoyote inayokinzana nayo. Kuna familia zinazokubali kutwaliwa kwa ishara tu: koti la shemeji hutundikwa nyumbani kwa mjane, naye huhesabiwa kuwa huru kuendelea na kazi za mwaka. Kuna wajane wanaoshika kanisa na kupanda baada ya maombi. Wapo pia wanaopanda kimyakimya na kuyaacha maneno kwa wasemaji.

Katika sehemu ya Migori inayokaliwa na Wakuria, mwisho wa mwaka una uzito wa namna nyingine, kwa kuwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba ndiyo iliyozoeleka kuwa msimu wa jando. Kwa mvulana huo ni mwanzo wa utu uzima. Kwa msichana, ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya 2011, lakini shule zilipofungwa kwa miezi mingi mnamo 2020 wasichana wengi walikeketwa, na baadhi yao walipitishwa barabarani mchana kweupe. Kwao mwaka mpya haukuwa na la kupongezana.

Mwaka ambao wakazi wengi hawajausahau ni ule uliofungwa na uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Matokeo yalitangazwa Desemba 30, na Januari ikaingia na barabara zilizozibwa, maduka yaliyoteketea na mabasi yaliyojaa watu waliofukuzwa Naivasha, Nakuru na kwingineko. Wengi wao walirudi nyumbani bila nyumba. Kwa desturi, mwanamume hajengi boma jipya kiholela: baba yake au ami yake humtangulia, naye hufuata na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakibeba jogoo, shoka na moto. Familia zilizolala vibandani kwa majirani zilikuwa na ugumu wa kujua zianzie wapi. Mapatano ya kisiasa yalitiwa saini Februari 28, 2008, wakati ambapo chwiri ilikuwa ikikaribia.

Wanaoucheka mwaka usio na tarehe wanaweza kukumbushwa kwamba hata serikali imewahi kuihamisha Januari. Kwa sababu ya Covid-19, mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 26 na wa 2022 ukaanza Aprili 25. Ni 2023 ndipo kalenda ya shule iliporejea Januari. Sasa mwezi huo umerudia sifa yake ya zamani, nao Wakenya huuita Njaanuari: karo inadaiwa, sare zinanunuliwa, na magunia ya mahindi ya vuli yanauzwa kwa bei ya chini kabla ya mbegu ya masika kununuliwa.

Mbegu hiyo siku hizi hutoka dukani ikiwa ndani ya pakiti, imepakwa dawa, na aghalabu ni ya aina inayokomaa upesi. Hata hivyo, katika maboma yanayoshika chik, hubaki nyumbani mpaka mikayi atangulie shambani, huku mke wa kitinda mimba akiyatazama mawingu upande wa ziwa.